Mizizi Inywayo Huzuni

Siku ya kunyoa iliwakuta watu wa ukoo wa Mcharo uani kwa marehemu, kila mmoja na kichwa chake. Mabeseni ya maji ya vuguvugu yalikuwa yamepangwa juu ya benchi, sabuni ya kipande imekatwa kwa kisu, nyembe zilizobaki bado zimo ndani ya karatasi zake. Wanaume walikuwa wamekwisha kunyolewa. Walikaa ukutani upande wa jua, vichwa vinang'aa kama vibuyu vilivyopakwa mafuta, wakinywa uji na kutaniana kwa sauti ya chini, maana hata msibani mtu aliyenyolewa vibaya hana budi kuambiwa.

"Wewe Semu, umenyolewa au umepaliliwa?"

"Nimepaliliwa. Na jembe lenyewe lilikuwa butu."

Nakijwa aliusikia mzaha ule, akauona kuwa ni mzuri, wala hakucheka. Si kwamba huzuni ilimnyima kicheko. Huzuni hakuwa nayo. Kaka yake wa tumbo moja, Kajiru, alikuwa amefukiwa na ukuta wa ndiva, lile bwawa la mawe ambalo Wapare wa zamani walilijenga kukusanya maji ya mfereji. Aliingia peke yake kuzoa tope, ukuta ukamlalia. Habari zilimfikia Nakijwa kazini, mjini Mwanga, kwa simu. Alisema, "Nimesikia." Akamaliza kichwa cha mteja kilichokuwa mikononi mwake, akanawa, akavua koti la kazi, ndipo akatafuta gari la kupanda mlimani.

Alijua kwamba mtu hafiwi hivyo. Alilijua jambo hilo kama alivyojua urefu wa Kilimanjaro: kwa kuambiwa.

"Nakijwa," aliita Bibi Mbonea, dada wa baba yao, ambaye ndiye aliyeshika usukani wa msiba upande wa wanawake. "Maji yanapoa. Wifi yako yuko wapi?"

"Yuko jikoni, shangazi."

"Anafanya nini huko?"

"Anapanga vyombo."

Bibi Mbonea aligeukia mlango wa jikoni. "Tangu tumzike mumewe anapanga vyombo. Nyumba hii ina vyombo vingapi?"

Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walitazamana. Katika ukoo ule mjane hanyolewi na mtu yeyote tu. Humnyoa wifi yake, dada wa marehemu, na wifi naye hunyolewa na mjane. Wembe ule hauingiliwi na mkono wa tatu. Wakishanyoana, nywele zao huchanganywa pamoja na kuzikwa kando ya kaburi, tanga likaanuliwa, watu wakarudi mashambani. Bila hivyo hakuna kinachoendelea. Zamu za maji hazigawanywi, posa haipokelewi, mgeni haagwi. Kwa hiyo wote walikuwa wakiwangoja watu wawili.

"Shangazi," Nakijwa alisema, akasogea asisikiwe na wengi. "Nywele za Eliaichi ni miche."

"Nani asiyejua? Hata zako ni miche. Nimezaliwa jana?"

"Haziwezi kunyolewa mpaka ngozini. Zikinyolewa anaweza kufa."

Bibi Mbonea alimtazama kwa muda, kisha akatazama kaburi jipya kule migombani. Hakuwa mtu wa kubishana na mauti.

"Basi zikatwe ncha," alisema. "Kishungi kimoja chako, kimoja chake, tuzike, tumalize. Mila haijawahi kutaka maiti wawili kwa msiba mmoja. Nenda kamwambie atoke."

*

Yote yalianza na vipara. Katika miaka ile mvua zilipochanganyikiwa na kazi zikawa za kubahatisha, watu walianza kupoteza nywele ambazo baba zao na mama zao walizeeka nazo. Mwalimu alifungua kilemba akakuta shungi zima limebaki ndani ya kitambaa. Bwana harusi alivua kofia kanisani na waimbaji wakakosa wimbo.

Madaktari walikijua chanzo. Juu ya kila figo pana tezi ndogo, na mtu akishtuka au akielemewa, tezi ile humwaga damuni homoni ya msongo iitwayo kotisoli. Kwa muda mfupi kotisoli ni mlinzi mwema. Huuamsha moyo, hupeleka sukari kwenye misuli, humwandaa mtu kukimbia au kupigana. Ikikaa damuni kwa miezi huanza kuzima kila kitu ambacho mwili unakihesabu kuwa anasa, na nywele ni anasa ya kwanza. Shina la unywele huambiwa lilale. Hulala, na wakati mwingine haliamki.

Dawa za mwanzo zilikuwa za kuliziba shina masikio lisiusikie mwito wa homoni. Nywele ziliota, nyembamba kama ndevu za mahindi, zikadondoka tena. Ndipo wataalamu wa Kituo cha Rutuba wakaligeuza swali. Badala ya kuuliza namna ya kulificha shina lisionwe na kotisoli, waliuliza: je, shina lenyewe likiila?

Huo ndio mche. Ni shina la unywele lililokuzwa maabara, likapandwa kichwani kama mpunga. Huivuta kotisoli kutoka damuni na kuisukuma ndani ya unywele unaoota, na humo ikafungika kama mdudu ndani ya gundi ya mti. Huzuni ikawa mbolea. Kadiri mtu alivyosumbuka ndivyo alivyostawi kichwani, na damu yake ikabaki tulivu kama maji ya mtungi. Waliokwenda kutafuta nywele walirudi nyumbani na usingizi. Haukupita muda waajiri wakaanza kuuliza miche kabla ya vyeti, kwa madereva wa malori, kwa wapasuaji, kwa wakunga. Watoto wa mitaani walitunga utani, wakawaimbia wenye miche wanapopita: kichwa msitu, moyo jangwa. Hakuna mwenye mche aliyewahi kukasirika. Asingeweza.

Ncha zilizokatwa kituoni zilitiwa kwenye mifuko na kuchomwa, tangu siku mbuzi wa jirani alipokula fungu zima akashinda akikimbizana na kivuli chake.

Tatizo lilichelewa kuonekana. Ubongo ukiona homoni imepungua damuni, huagiza nyingine. Mche huinywa nayo. Ubongo huagiza tena. Tezi hunenepa mwaka hadi mwaka kama mkono wa mtwangaji, na mwenyewe hana habari, maana zinachomwaga chote kinaishia kwenye nywele. Lakini unywele ukikatwa ukabaki mfupi kuliko vidole vinne, mche hulala kwa majuma, na kinachomwagwa kinabaki mwilini. Kituoni hali hiyo waliiita kufurika. Katika kijiji cha pili kutoka kwa Kajiru, kijana mmoja dereva alikuwa amenyolewa kwenye matanga ya babu yake. Hakufika jioni. Watu walisema amerogwa, wakamfukuza jirani mmoja na kumvunjia jiko. Nakijwa, fundi wa kituo hicho, ndiye aliyepokea kishungi chake maabara. Uchawi haukuwemo. Kilichokuwemo ni miaka tisa ya barabara za mlimani, imekunjwa vizuri ndani ya unywele.

*

Eliaichi alikuwa amesimama mbele ya rafu ya sahani. Nywele zake alizisuka mkia mmoja mnene uliomfika kiunoni, mzito kiasi kwamba alipoinama, mkia ulitangulia. Juu ya jiko, ndani ya sufuria ndogo, mkasi ulikuwa ukichemka. Alikuwa mkunga wa zahanati, na chuma chochote hakikupita mkononi mwake bila kuchemshwa.

"Wifi, wanatungoja," Nakijwa alisema.

"Nawasikia."

"Nimeongea na shangazi. Amekubali tukate ncha tu."

"Mimi sijakubali." Eliaichi aliitoa sufuria motoni. "Nataka kunyolewa."

Alilisema neno hilo kama mtu anayeomba chumvi.

"Unajua kufurika ni nini?"

"Najua kuliko wewe. Wewe ulipokea nywele. Mimi nilikuwa zamu walipomleta yule kijana. Mapigo yake yalikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati. Kisha yakaacha." Aliukung'uta mkasi maji. "Mimi nina miche siku nyingi kumshinda. Kwa hesabu za kwenu, nina nafasi gani?"

"Nusu kwa nusu. Labda pungufu."

"Nilidhani ni mbaya zaidi."

Nakijwa alikaa juu ya kigoda. Miche ile aliipanda mwenyewe, kichwani pa wifi yake, baada ya mimba ya pili kuharibika na nywele kumtoka Eliaichi kwa viganja. Wakati ule Eliaichi alikuwa akitetemeka kwenye kiti, akamshika mkono na kumwuliza mara nyingi kama itauma. Kisha zilikuja siku njema, na Ndekirwa akazaliwa.

"Niambie kwa nini," alisema.

"Nilimwosha mume wangu miguu kabla hawajamtia sandukuni. Tope lilikuwa limeingia kwenye kucha, nikalitoa lote. Tulipotoka kaburini nilikula wali. Nilikula vizuri, wifi. Niliongeza na mchuzi." Alisimulia bila kuharakisha. "Nampenda Kajiru. Najua nampenda kama ninavyojua damu yangu ni kundi gani. Lakini sijamlilia, na sioni dalili."

"Tuzipunguze taratibu. Kidogo kila mwezi, tezi zirudi zenyewe. Mpaka masika utakuwa huru."

"Nimlilie kwa kijiko cha chai?"

Nakijwa alisogeza kigoda karibu naye.

"Jana Ndekirwa alikuja akanishika mashavu," Eliaichi aliendelea. "Akanitazama usoni. Nikamwuliza, mwanangu, unatafuta nini? Akaniambia, naangalia kama umeanza."

"Umeanza nini?"

"Kulia."

Nje mtu alikohoa, na kisu cha mmenya ndizi kikagonga ukingo wa beseni.

"Ukifa atabaki na nani?"

"Na wewe."

"Huogopi?"

"Siogopi," alisema Eliaichi. "Na wewe unajua kwa nini siogopi, kwa hiyo usiniulize kama polisi. Nenda kafikiri. Nitamaliza hizi bakuli."

*

Nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, ndipo simu iliposhika mtandao. Daktari Kileo wa Rutuba alipokea mara moja. Alikuwa na sauti ya mtu anayeelekeza njia.

"Mwambie asubiri," alisema baada ya kusikiliza.

"Nimemwambia. Amekataa. Anaelewa kila neno."

"Sikuuliza kuelewa. Anaogopa?"

"Hapana."

"Basi hiyo si ridhaa, ni taarifa tu. Mtu asiyeweza kuogopa hawezi kukubali hatari, Nakijwa. Ni kama kumwuliza kipofu achague rangi ya ukuta."

"Wewe unaogopa, daktari?"

"Mimi nina miche kama wewe."

"Basi anayetaka haogopi, anayemkataza haogopi, na mimi niliye katikati siogopi. Nani kati yetu ana haki ya kuamua?"

"Sheria za kituo ndizo zinazoamua. Ukimnyoa, leseni yako imekwisha, na sisi hatutahusika."

"Nimesikia," Nakijwa alisema, na aliposikia neno hilo likitoka kinywani mwake akakumbuka lini alilisema mara ya mwisho.

Alibaki amesimama pale, kuku wanapekua miguuni pake. Alilitazama jambo lenyewe kama anavyotazama ngozi ya kichwa chini ya taa, akilisogeza huku na huku. Kila mteja aliyekuja kupandwa aliulizwa kwanza kama anaogopa, na alijibu kwa kichwa chake cha zamani, kichwa chenye hofu zote alizopewa na Mungu. Kupanda kuliombewa ridhaa ya mtu kamili. Kuondoa kukaachwa mikononi mwa mtu aliyepunguzwa. Mlango ule ulifunguka upande mmoja tu, na walioujenga hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watulivu.

Amkatalie? Ingekuwa rahisi. Eliaichi angesema sawa. Ampe? Ingekuwa rahisi vilevile, na mkono usingetetemeka. Urahisi ule wa pande zote mbili ndio aliouona kuwa kasoro. Mizani isiyo na uzito hata upande mmoja haipimi kitu.

Miche yake yeye ilikuwa ya miaka miwili. Hapo ndipo kituo kilipoanza kudai kila fundi awe nayo, kwa hoja kwamba mwenye upara hauzi dawa ya nywele. Tezi zake hazikuwa zimenenepa sana. Kwa mtu kama yeye kufurika kungekuwa homa mbaya, si kaburi. Alirudi jikoni.

"Mila inasema tunyoane," alimwambia Eliaichi. "Haisemi nani aanze. Anza na mimi. Nitakujibu nikiwa na hofu."

Eliaichi alimtazama kwa makini ya kikunga, kama anayekadiria nyonga.

"Kaa chini," alisema.

*

Walikwenda kukaa kwenye kibaraza cha nyuma, mbali na macho ya wanaume. Bibi Mbonea alikuja na kigoda chake, akakaa mlangoni, akawa ndiye shahidi na ndiye pazia. Eliaichi alikata kwa mkasi kwanza, kisha akapaka povu, akanyoa kwa mikono isiyo na haraka. Wembe ulisikika kama mtu anayeparua ukoko chini ya sufuria. Nywele ziliangukia kwenye khanga zikajikunja.

"Una kovu hapa nyuma," Eliaichi alisema.

"Kajiru alinirushia kifuu. Tulikuwa tunagombania pera."

"Hakuniambia."

"Angekuambiaje? Alimwambia mama kwamba nimeanguka."

Walipomaliza hakukutokea kitu. Nakijwa alipapasa kichwa, akahisi upepo, akaona kwamba ni upepo. Bibi Mbonea alitoa ugoro kidogo, akaurudisha bila kuunusa. Jua lilisogea kutoka ukingo wa kibaraza hadi kwenye ndala zao.

Ilianzia kwenye vidole. Vilikuwa baridi. Kisha, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa gizani, Nakijwa akageuka kutazama nyuma, ambako hakukuwa na kitu ila ukuta. Moyo ukaanza kwenda. Alijaribu kuhesabu pumzi kama alivyowafundisha wateja, akasahau hesabu. Ukoko, alikuwa amefikiri juu ya ukoko. Kajiru alikuwa mwizi wa ukoko. Kila siku aliuparua sufuriani, na kila siku aliulizwa, na kila siku alikana huku midomo yake ni myeusi kama ya mla mkaa. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu. Hata Krismasi iliyopita. Alisimama pale kwenye mlango ule wa jikoni, midomo myeusi, akasema, "Mimi? Labda paka."

Sauti iliyomtoka Nakijwa hakuijua. Ilikuwa nene na haikuwa na adabu. Bibi Mbonea alimkamata mabega.

"Toa, mwanangu. Toa. Ulikuwa umechelewa."

Alilia kwa kuinamia magoti, povu la sabuni bado liko sikioni. Alimlilia kaka yake, akaliona lile tope likimwingia puani, akamwona akisukuma jiwe kwa kiganja, na kila alichokiona kilimpiga upya kama hakuwahi kuambiwa. Na katikati ya kilio hicho hofu nayo ikafika, yenye meno. Alimwona Eliaichi amelala pale pale sakafuni, mkia umekatwa, mapigo yanaacha.

"Sasa nijibu," Eliaichi alisema. Alikuwa amekaa mbele yake, mikono mapajani.

"Siwezi." Meno ya Nakijwa yaligongana. "Nakuogopea, wifi. Siwezi. Nisamehe."

"Sawa," alisema Eliaichi.

Aliinuka, akaokota mkasi, akaenda kuuosha.

Alilikubali hivyo hivyo tu. Hakubembeleza wala hakununa. Nakijwa alimtazama akiondoka na ule mkia ukicheza mgongoni, na hofu yake haikupata nafuu yoyote kwa kushinda. Kumnyang'anya mtu asiyeweza kushikilia chake, huko nako ni kushinda?

Ndekirwa alikuwa ameisikia sauti. Alipita chini ya mkono wa Bibi Mbonea, mtoto wa darasa la pili mwenye gauni la msiba lililomzidi, akasimama mbele ya shangazi yake. Alikitazama kile kichwa kipya. Kisha akautazama uso, kwa makini, kuanzia macho hadi kidevu, na alichokuwa akikitafuta akakiona.

Alipanda mapajani, akaubandika uso wake shingoni mwa Nakijwa, akalia kwa mwili mzima, miguu inarusharusha ndala. Walilia pamoja, wakubwa kwa wadogo, kamasi kwa kamasi. Nakijwa alimwambia habari za ukoko. Mtoto alijibu kwa kwikwi kwamba baba alimwibia na wa kwake, kwenye kibakuli cha maua.

Eliaichi alirudi na kikombe cha maji. Alisimama mbele yao na kikombe mkononi, hajui ampe nani kwanza. Alimtazama binti yake aliyemzaa mwenyewe akiwa ameng'ang'ania shingo nyingine. Uso wake ulikuwa mzuri, na haukuwa na kitu.

"Mnafanyaje?" aliuliza.

Aliuliza kweli. Alitaka kujua, kama mtu anayeuliza njia.

Ndekirwa hakuinua kichwa. Bibi Mbonea alitazama pembeni. Nakijwa ndiye aliyeyakuta macho yale, na sasa akaiona ile sehemu ya pili ya hofu, iliyokuwa imejificha nyuma ya kwanza. Akiukataa wembe, mama huyu ataishi. Atapika, atazalisha wake za watu, atapanga vyombo, na mtoto ataacha kumwangalia usoni, kwa sababu amekwisha kupata uso mwingine. Hiyo nayo ilikuwa hatari, na aliyepaswa kuombwa ridhaa yake alikuwa mtoto wa darasa la pili.

Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Aliusubiri utulie, haukutulia.

"Shangazi," alisema, "mwambie Semu awashe gari, aligeuze lielekee barabarani. Na mtu akimbilie zahanati wafungue chumba, waweke mtungi wa hewa tayari."

"Umebadili nia?"

"Sijabadili. Naogopa vile vile."

Bibi Mbonea alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Na mimi naogopa," alisema. "Lakini mimi si wifi yake." Akainuka, akaenda kumwita Semu.

Nakijwa alimteremsha mtoto, akampa kile kikombe akishike, apate kazi. Alimshika Eliaichi mikono yote miwili.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Mimi naogopa kwa ajili yako, hofu ya kwako na ya kwangu. Nikwambie ilivyo: ni kama kusimama kwenye ukingo wenye utelezi, chini huoni. Ungekuwa nayo, ungejibuje?"

Eliaichi alifikiri. Aliwaza kwa uaminifu, paji la uso limekunjamana kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka ladha.

"Nadhani ningetetemeka," alisema polepole. "Kisha ningekaa kwenye kigoda."

"Kaa."

*

Mkia ulipokatika ulianguka sakafuni kwa kishindo kama nguo mbichi. Nakijwa hakuuangalia. Alinyoa huku machozi yakimdondokea wifi yake utosini na kuchanganyika na povu, akamkata mara mbili, akaomba radhi mara mbili. Bibi Mbonea alikuwa amerudi. Alishika beseni. Kule mbele gari la Semu liliunguruma, na wanaume waliacha kutaniana.

Kisha walisubiri. Nakijwa alikishika kiganja cha Eliaichi, kidole gumba juu ya mshipa. Mwanzoni ulikwenda kama kawaida, hatua za mtu anayetoka sokoni. Kisha ukaongeza. Kisha ukaongeza tena.

"Mbona kumekuwa na baridi?" Eliaichi aliuliza.

"Iko njiani, wifi. Nipo hapa."

"Mbona..." Eliaichi aliinua kichwa. Alitazama mlango wa jikoni, akatazama migomba, akatazama kaburi, na kwa mara ya kwanza aliliona. Kinywa chake kilifunguka. Wote watatu walikingoja kilio.

"Mjinga yule," alisema Eliaichi.

Sauti ilikuwa ya chini, inakwaruza.

"Nilimwambia. Nilimwambia ule ukuta umevimba. Nilimwambia ngoja Semu arudi, muingie wawili. Akaniambia, mama Ndekirwa, tope halimngoji mtu. Halimngoji mtu. Sasa liko wapi, na yeye yuko wapi?" Aliinuka nusu, akakaa tena. "Ameniachia jembe mlangoni. Hata jembe hakuliondoa. Nimelipita kila siku nikalisogeza kwa mguu. Kajiru. Kajiru, mwanamume wewe, nilikuambia."

Na hapo ndipo lilipokuja lile jingine, lililokuwa chini ya hasira, na Ndekirwa akaangusha kikombe akamkimbilia.

Uani mbele, visu vya ndizi vilinyamaza. Wanawake walisikiliza, mmoja akajifunga khanga vizuri, mwingine akaanza kuitikia kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo kwa siku zote zile ilikosa wa kumfuata.

"Haya," Bibi Mbonea alisema, beseni bado liko mikononi. "Msiba umepata mwenyewe."

Nakijwa hakukiachia kile kiganja. Alimwita Semu alete gari mpaka kibarazani. Chini ya kidole chake mshipa ulikuwa unakimbia, unakimbia, na ilikuwa bado mapema mno kujua unakimbilia wapi.